Spika za ngoma za umeme na besi katika chumba chembamba cha Mji wa Kale

Chumba tunachofanyia mazoezi, mimi na mpwa wangu, kiko ghorofani katika nyumba ya mawe mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Urefu wake ni mita 5, kimo chake mita 3.5, na upana wake ni mita 2.8 tu, kwa sababu ile ile iliyovifanya vyumba vya nyumba kongwe za mwambao kuwa virefu na vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na fundi wa zamani hakuweza kukipanua chumba kupita urefu wa boriti aliyoipata. Humo mpwa wangu hupiga ngoma za umeme zenye nyuso za wavu, nami hupiga gitaa la besi la nyuzi nne. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu zimepita humo spika za aina nne. Aina moja iliungua, mbili zilirudi kwa wenyewe, na moja imebaki. Hapa nazitathmini zote nne, ingawa nusu ya maneno yangu itakihusu chumba chenyewe, kwani spika iliyonifurahisha dukani ilinikera nyumbani, na ile niliyoidharau dukani ndiyo ninayoipigia leo.

Nianze na iliyoungua. Niliinunua katika duka moja la katikati ya mji ambalo sina haja ya kulitaja. Lilikuwa sanduku refu la kifuani, lenye wufa (koni za sauti za chini) mbili za inchi 12, taa za rangi zinazocheza na mdundo, na kibandiko cha dhahabu kilichoandikwa wati 2000. Muuzaji aliweka wimbo wa bongofleva kwa simu yake, vioo vya kabati la duka vikatetemeka, nami nikatoa pesa. Kosa langu lilikuwa kwenda bila besi na bila kichwa cha ngoma, yaani kile kisanduku kinachozalisha sauti za ngoma za umeme, nikaiamua spika kwa wimbo ambao mafundi wa studio walikwisha kuubana na kuusawazisha ili usikike vizuri hata kwenye redio ya matatu. Nyumbani, mpwa wangu alipokanyaga pedali ya kiki, ile ngoma nene ya mguu, kwa nguvu, sauti iliyotoka haikuwa pigo bali ilikuwa kama mtu anayekohoa ndani ya pipa, na katika wiki ya tatu tukasikia harufu ya koili inayoungua.

Fundi aliyeifungua alinionyesha jambo ambalo ningeliweza kulisoma mwenyewe dukani. Plagi ya sanduku lile ilikuwa na fyuzi ya ampea 3. Umeme wetu ni wa volti 240, na ukizidisha 240 kwa 3 unapata wati 720. Kwa hiyo kifaa kile, hata kingekuwa hakipotezi chochote kwa joto, hakikuwa kimekusudiwa kuvuta mfululizo zaidi ya hizo. Kibao cha nyuma, kilichokuwa kidogo na cheusi, kilitaja matumizi ya wati 90. Hizo 2000 zilikuwa za kibandiko. Tangu siku hiyo, nikiingia duka la spika huwa naanza kwa kuigeuza spika na kusoma mgongo wake kabla ya kuutazama uso.

Ngoma za umeme zina shida ambayo wengi hawaitarajii. Ngoma ya kawaida ina sauti yake yenyewe, lakini ya umeme haina sauti yoyote isipokuwa ile itakayotolewa na spika, kuanzia kiki inayopiga kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 na 100 hadi matoazi yanayopanda kupita hezi 10,000. Zaidi ya hayo, pigo lake ni la ghafla: kilele cha pigo moja la snea, ile ngoma kali ya mkono, huwa kikubwa mara nyingi kuliko wastani wa muziki wote, na spika isiyo na akiba ya nguvu hukikata kilele hicho na kukitoa kikiwa kimekwaruzika. Ndiyo maana amplifaya ya gitaa haifai kwa kazi hii, na amplifaya nyingi ndogo za besi hazifai pia, kwa kuwa hazina tuita (spika ndogo ya sauti za juu) na matoazi yake husikika kama karatasi ya sukari inayokunjwa chumba cha pili. Kinachotakiwa ni spika inayotoa sauti zote kwa usawa, yenye amplifaya yake ndani.

Akiba ya nguvu, hata hivyo, haimaanishi wati nyingi ajabu. Ukizidisha wati maradufu unaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 80 hadi 160 ni hatua ndogo kuliko bei inavyodai.

Spika ya pili ilikuwa Roland PM-100, monita (spika ya mpigaji kujisikilizia) iliyoundwa mahsusi kwa ngoma za umeme, yenye wufa ya inchi 10, tuita, na wati 80. Tuliiazima kwa rafiki wa mpwa wangu wa Kisauni kwa mwezi mmoja. Roland ndiyo kampuni iliyoleta ngoma za wavu sokoni mwaka 1997 kwa seti ya TD-10, na ukiisikiliza monita hii unatambua kwamba aliyeitengeneza anaijua snea: pigo linatoka safi, matoazi yanang'aa bila kuchoma, na kelele za hai-hati (matoazi mawili ya kanyagio) ikifunguliwa nusu zinabaki na umbo lake. Kwa chumba chetu, wati 80 zilikuwa maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwa anayepiga ngoma peke yake ndani ya chumba kama hiki, ningesema aishie hapo. Lakini tulipoiingiza na besi katika sanduku hilo hilo, kila noti ndefu niliyoishika iliitikisa snea. Koni ni moja. Inapokwenda mbele na nyuma polepole kwa ajili ya besi, sauti za kati inazozitoa wakati huo huo hubebwa juu ya mwendo huo na kuyumba nazo. Mpwa wangu aliliona hilo kabla yangu. Aliweka kidole pembeni mwa koni nami nikapiga E ya wazi, uzi mnene kuliko yote bila kuubonyeza, akasema, "Mjomba, hapa ngoma yangu inapanda mashua."

Tatu ilikuwa jozi ya Yamaha HS8 tuliyoazimwa na studio moja ya Tudor. Hizi ni monita za studio zenye wufa ya inchi 8 na wati 120 kila moja, na maelezo yake rasmi yanasema zinashuka hadi hezi 38, ingawa msomaji ajue kwamba kipimo hicho huchukuliwa pale sauti ilipokwisha kupungua kwa desibeli 10. Uzi wa E wa besi, ukipigwa wazi, ni hezi 41.2, kwa hiyo kwa karatasi monita hizi zilikuwa ndizo zinazonifaa zaidi ya zote. Sijawahi kuisikia besi yangu kwa uwazi namna ile. Nilisikia hata kucha yangu ikigusa uzi. Monita hizi zina pia swichi nyuma ya kupunguza sauti za chini ya hezi 500 kwa desibeli 2 au 4, kwa ajili ya spika inayosogezwa ukutani, na katika chumba chembamba spika gani haiko ukutani? Hata hivyo ni spika za kusikilizia kazi ukiwa umekaa karibu nazo, wala si za kupokea kanyagio la kiki kwa saa mbili huku mtu ameshindana na wenzake. Tulizitumia kwa hofu, sauti ikiwa chini, na mazoezi ya kuhofu spika si mazoezi.

Jozi hiyo hiyo ndiyo iliyotufumbulia ugomvi wetu wa muda mrefu. Kwa miezi mpwa wangu alikuwa akilalamika kwamba besi haisikiki, nami nikilalamika kwamba inanizidi, na kila mmoja alidhani mwenzake ana kiburi. Yeye hukaa na ngoma zake katikati ya upana wa chumba; mimi husimama nimeegemea ukuta ili nimpishe. Siku moja nilipiga noti zote moja baada ya nyingine, kutoka E ya chini kwenda juu, kwa nguvu ile ile na kidole kile kile, bila kugusa kifundo chochote cha sauti. Nilipofika B, freti ya pili (kizingiti cha pili cha shingo ya gitaa) ya uzi wa A, vikombe vya kahawa vilivyo kwenye kidaka vilianza kugongana. Nikarudia, vikagongana tena. Nikasogea hadi kilipo kiti cha mpwa wangu, nikapiga B ile ile, na ikawa kama imezamishwa ndani ya maji.

Sababu yake si uchawi. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Ukiigawa hiyo kwa mara mbili ya upana wa chumba, yaani mita 5.6, unapata hezi 62, na B ile ni hezi 61.7. Wimbi lenye urefu huo hujifunga baina ya kuta mbili. Karibu na ukuta linavimba, na katikati linakufa. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kimo cha mita 3.5 na utapata hezi 50, jirani ya G yenye hezi 49, ambayo nami niliposimama, masikio yangu yakiwa karibu na nusu ya kimo cha chumba, nilikuwa siisikii vizuri, ila nikikaa kwenye kigoda inarudi. Boriti za mikoko, kwa maneno mengine, zilikwisha kunichagulia noti zitakazonisumbua karne kadhaa kabla sijanunua besi. Kila mwenye chumba anaweza kuipima hesabu hii kwa futi ya fundi cherehani kabla hajakwenda dukani.

Baada ya ugunduzi huo niliacha kutafuta spika inayoshuka chini kabisa. Chumba kinachovimbisha hezi 50 na 62 hakihitaji kusaidiwa hapo, na spika inayomwaga nguvu zaidi katika eneo hilo huwa inalisha ugonjwa. Pia uzi wa E hautegemei hezi 41 pekee ili usikike kuwa ni E. Sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye hezi 82 na kuendelea, na sikio, likizipata hizo, hujazia lenyewe ile ya chini. Hivyo sabwufa, spika ya sauti za chini kabisa pekee, ambayo mpwa wangu alikuwa ameanza kuidokeza kila Ijumaa, niliikataa, na mpaka leo nimeikataa.

Spika iliyobaki ni Yamaha DBR10, na tuna mbili. Dukani nilikuwa nimeipita mara mbili bila kuisimamia, kwa sababu ni ndogo, nyeusi, haina taa, na maelezo yake yanasema inashuka hadi hezi 55 tu. Ina wufa ya inchi 10 na uzito wa kilo 10.5, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayepanda ngazi za nyumba ya kale, zilizo wima kama za mnazi. Kampuni inaandika wati 700 za kilele na 325 za mfululizo, na kule kuandika namba zote mbili kulinipa imani, kwa kuwa namba ya pili ndiyo inayofanya kazi. Safari hii nilikwenda na besi yangu begani na kichwa cha ngoma ndani ya kikapu. Muuzaji, kijana mwenye subira, aliniunganishia bila kununa, nami nikapiga zile noti zangu kutoka E kwenda juu huku mpwa wangu akigonga pedi ya kiki kwa kidole gumba. Hakuna noti iliyoruka na hakuna iliyotoweka, isipokuwa kwamba E na F zilikuwa nyembamba kidogo. Nyumbani chumba kiliuongeza ule unene uliopungua.

Kila chombo kina spika yake, na huu ndio uamuzi ninaoushikilia zaidi kuliko jina la spika yenyewe. Kwa bei ya sanduku moja kubwa la inchi 15 mtu anaweza kukaribia kupata mawili madogo, na yale mawili yatampa nafasi ya kuziweka sauti mbali. Spika ya ngoma iko nyuma ya mpwa wangu kando kidogo, juu ya stendi, tuita ikiwa sawa na sikio lake. Ya besi iko upande wangu, imelazwa na kuinuliwa uso kama spika ya jukwaani, hatua moja kutoka ukutani na mbali na pembe. Pembe ya chumba ni mahali pabaya: kuta mbili na sakafu zikikutana hurudisha besi mara kadhaa, na kinachosikika ni mvumo usio na noti. Swichi ya kupinda sauti iliyo nyuma ya spika hizi tumeizima kwa ngoma, maana ile inayonenepesha chini na kung'arisha juu huvutia kwa dakika kumi tu. Lawama yangu kwa DBR10 ni kwamba ukimya wake si kamili. Sauti ikiwa chini usiku, tuita inatoa mvumo mwembamba wa hewa, na mpiga ngoma haujali lakini mpiga besi anayefanya mazoezi ya polepole atausikia.

Mambo mawili ya nyaya yalinigharimu muda. Besi yangu haina betri ndani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa spika, sauti inapoteza ukali wake wote, kwa sababu pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za namna hiyo zinataka kizuizi cha umeme cha takriban megaomu 1 mbele yake. Kisanduku cha DI (cha kuunganishia ala na spika) cha aina inayotumia umeme wake, au pedali yoyote ya kutangulia yenye mlango wa gitaa, hutatua hilo. Jambo la pili ni mngurumo wa umeme wetu, ambao ni wa hezi 50, pembeni kabisa mwa ile G yenye matatizo. Ukichomeka kichwa cha ngoma kwenye soketi ya ukuta mmoja na spika kwenye soketi ya ukuta mwingine, mngurumo huo unaweza kuingia kwa njia ya waya wa ardhi. Tulivihamishia vyote kwenye soketi ya pamoja, ukanyamaza. Na mwenye jamaa wa kumletea spika kutoka Marekani aangalie kwanza kama ina uwezo wa volti 240, kwa sababu nimeona moja iliyotengenezewa volti 120 ikitoa moshi kabla haijatoa sauti.

Chumvi ya bahari nayo ni mnunuzi wa pili wa kila kifaa mjini petu. Jeki huota kutu ya kijani, vifundo huanza kukwaruza, na mtu anaishutumu spika. Sisi hufunika spika kwa kanga nzito tukimaliza, wala si kwa plastiki inayofungia unyevu ndani, na kila baada ya miezi miwili tunazichomeka na kuzichomoa jeki zote mara kadhaa baada ya kuzipulizia dawa ya kusafishia nyaya.

Wengi huniuliza kuhusu trei za mayai ukutani. Wimbi la hezi 62 lina urefu wa mita 5.6, trei ya sentimita 5 haliioni. Trei hupunguza mwangwi wa juu kidogo, chumba kikawa butu juu na bado kinavuma chini, na juu ya hayo ni kuni zinazosubiri moto. Tulichofanya ni kusimamisha magodoro mawili mazito ya sufi katika pembe mbili, nusu mita mbele ya ukuta, na ingawa hayakuiua B, vikombe vya kahawa sasa hutikisika badala ya kugongana.

Kwa jirani wa chini, spika haikuwa na hatia kama tulivyodhani. Kinachopenya sakafu ya chokaa na boriti ni mguu kwenye pedali, ambao haupiti hewani bali unaingia moja kwa moja kwenye nyumba. Tulitengeneza jukwaa la mbao mbili za plaiwudi zilizotenganishwa kwa mipira ya tenisi, kama ishirini hivi, tukaweka ngoma juu yake. Siku ya kwanza nilishuka kumsalimia bibi wa chini huku mpwa wangu akiendelea kupiga chakacha. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza mbona leo hatufanyi mazoezi.

Sauti tunaipima kwa simu, kipimo kisicho cha kitaalamu lakini cha kutosha. Mwongozo unaotumika sana wa usalama wa masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Saa 2 zetu zinatupa 91. Tunajizuia kwenye 88, pangaboi likiwa linazunguka, na vifundo vya spika zote mbili havijawahi kupita pale mshale wa saa unapoonyesha saa tano, kabla kidogo ya katikati.